Fedha Haisuguliwi

Verna Haag aliisukuma sarafu ya dola hadi katikati ya meza, ikiwa ndani ya mfuko wake wa ushahidi, kisha akakunja mikono kifuani.

"Itazame vizuri, Maribel. Usiseme neno mpaka uitazame."

Maribel Ocasio hakuitazama. Alikuwa ameshaonyeshwa mara nyingi mno wiki hii. Bado alikuwa amevaa lile shati la buluu la wauguzi wa majumbani, kana kwamba simu ingelia wakati wowote kumwita arudi kwa mzee wake.

"Afande, nimeshasema mpaka mate yamenikauka. Hicho kitu sikijui. Kabati la sarafu nalifuta vumbi kwa nje. Ndani mna nini, hainihusu. Kazi yangu ni mzee. Namwogesha, namlisha, namgeuza."

"Na ukimgeuza, ufunguo wa kabati uko chini ya mto wake."

"Uko. Na meno yake ya bandia yako kwenye glasi pembeni. Mbona hayo sikuyaiba?"

Verna nusura acheke, akajizuia. Alikuwa mpelelezi wa miaka mingi katika mji mdogo wa Hoffstadt, huko Pennsylvania, na alijua kicheko kikitoka mapema kinamharibia mtu kazi.

"Ilikutwa kwenye droo ya vijiko. Mifereji ya herufi zake imejaa dawa nyeupe ya kung'arishia vyombo, na kopo la dawa hiyo lina alama za vidole vyako."

"Ulitaka liwe na vya nani? Vijiko vya marehemu mkewe navisugua mimi kila Jumatatu. Mzee anataka ving'ae, ingawa haoni hata kimoja." Maribel aliinama mbele. "Mwizi gani anaiba dola, anaikalia jikoni kwa mwenyewe anaisugua, halafu anaiacha hapohapo? Mimi nina kichaa?"

Lilikuwa swali zuri, ila mwendesha mashtaka alikuwa na jibu lake. Alisema mwanamke huyu aliisafisha ili apate kuiuza, akakosa nafasi ya kutoka nayo. Jumatatu asubuhi alitaka ripoti ya Verna mezani kwake ili afungue kesi. Kesi ikifunguliwa tu, hata kabla ya hukumu, leseni ya uuguzi ya Maribel imekwenda, na hakuna nyumba itakayomfungulia mlango tena. Tayari Dwight, mpwa wa mzee, alikuwa amemfukuza bila kumruhusu hata kuaga.

Verna aliingiza mkono mfukoni, akatoa nusu dola kuukuu aliyoachiwa na baba yake, nyeusi kama sufuria ya kuni. Alimpa Maribel.

"Hii ni ya mwaka gani?"

Maribel aliigeuza, akakunja uso. Halafu akashika pindo la shati lake, akaisugua sarafu kwa nguvu, akaisogeza kwenye mwanga. "Elfu moja mia nane thelathini na... mbili? Inahusu nini hii?"

"Haihusu kitu. Nirudishie."

Verna aliitia tena mfukoni. Lakini uso wake, kwa aliyemjua, ulikuwa umebadilika.

*

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Amos Zerbe alikusanya sarafu za fedha za miaka ile ya mwanzo kabisa ya Marekani, tangu alipokuwa kijana mpaka alipopofuka. Nusu dola alikuwa nazo nyingi. Dola nzima ya mwaka 1795, yenye mwanamke wa nywele zilizoachiwa, alikuwa nayo moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Hakuwahi kuipiga picha. Hakuwahi kuipeleka kwenye maonyesho. Watu wawili tu ndio waliowahi kuiangalia kwa karibu: yeye mwenyewe na rafiki yake Clyde Rauch, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa sarafu cha Hoffstadt.

Kila Alhamisi Clyde alikuja kumsomea. Ndivyo wenyewe walivyoita. Clyde alichukua ufunguo chini ya mto, akafungua kabati, akamweleza kipofu yule sarafu moja baada ya nyingine: rangi, nyota, mbawa za tai. Alhamisi ya wiki iliyopita alifungua, akapiga ukelele. Dola haipo. Dwight akaita polisi, na kabla hawajafika, Clyde akamnong'oneza aanze kupekua jikoni, maana watu wa namna ile huficha karibu.

Dola ilipopatikana, ilikuwa imetolewa ngozi yake yote. Ule weusi wenye rangi za zambarau na samawati, ambao fedha huufuga kwa zaidi ya miaka mia mbili, ulikuwa umetoweka. Iling'aa kama kifuniko cha chupa. Clyde aliletwa kituoni kuitambua, akaishika kwa ncha za vidole viwili, ukingoni, akalengwalengwa na machozi.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mungu wangu, wameiua."

Verna, kwa ujinga wake, alitaka kufuta kidogo ile dawa nyeupe kwa kidole gumba ili asome mwaka. Clyde aliruka kama aliyeumwa na nyuki, akampiga Verna kofi mkononi.

"Fedha haisuguliwi, dada! Haisuguliwi!" Kisha akaomba radhi, akamkopesha lenzi yake, akamfundisha. Ukisugua fedha hata mara moja, hata kwa pamba, inabaki mikwaruzo myembamba kama nywele. Igeuze kwenye mwanga utaiona yote, na haitoki milele. Na alipokuwa akiondoka, aliongeza jambo moja: mzee Amos asiambiwe. Moyo wake hautahimili. Mwambieni mwanamke amepata kazi kwingine, basi.

Verna aliona huo ni ubinadamu. Sasa hakuwa na hakika.

*

Dwight alifungua mlango wa nyumba ya Zerbe akiwa na kipande cha pai ya molasi mkononi.

"Tena wewe? Si mmeshampata mwizi?"

"Nina maswali mawili matatu. Wewe ndiye mrithi, siyo?"

"Haya! Sasa ni zamu yangu." Dwight alicheka, makombo yakamtoka mdomoni. "Afande, nikitaka kumwibia mjomba, naiba lori lake. Hivyo vidude vyake sivijui. Ile Alhamisi nilikuwa kambini milimani tangu Jumanne, nawinda kulungu na wenzangu, mmoja wao ni kasisi wetu. Nilirudi saa ileile Clyde anapiga kelele. Muulize kasisi."

"Nimeshamuuliza."

"Basi?"

"Basi hii ni ya mwaka gani?" Verna alimtupia ile nusu dola.

Dwight aliidaka kiganjani, akaipulizia pumzi, akaisugua kwenye paja la suruali yake ya kazi, huku na huku, kama mtu anayefuta kioo cha gari. "Sioni vizuri. Thelathini na ngapi sijui."

"Asante," alisema Verna. "Mjomba wako ameamka?"

Hakungoja jibu. Alisimama kwanza jikoni, kwenye dirisha lenye jua la adhuhuri, akaitoa dola kwenye mfuko wake. Maabara walishamaliza nayo. Aliishika ukingoni, akaweka lenzi jichoni, akaanza kuigeuza taratibu kwenye mwanga kama alivyofundishwa.

Aligeuza upande wa mwanamke. Akageuza upande wa tai. Akarudia.

Mchubuo wa zamani mmoja karibu na shavu. Alama butu za kuzungukazunguka mifukoni mwa watu karne zilizopita. Dawa nyeupe imejikusanya kwenye herufi. Lakini mikwaruzo myembamba kama nywele? Hakuna. Hata mmoja.

"Lo," Verna alijisemea.

Alifungua droo, akatoa kijiko kimoja cha marehemu, akakiangalia kwa lenzi ileile. Kilikuwa kimekwaruzika chote, mistari juu ya mistari. Hiyo dawa ya vyombo haing'arishi kitu mpaka uisugue. Dola hii haikusuguliwa. Iling'arishwa kwa kuchovywa kwenye dawa ya maji, ile kali inayokula weusi, kisha ikaoshwa na kukaushwa kwa kuguswaguswa tu na kitambaa. Dawa nyeupe ilipakwa baadaye, juujuu, ili ionekane kazi ya mtu asiyejua.

Maribel asiyejua alisugua. Dwight asiyejua alisugua. Yeye Verna naye angesugua, kama asingepigwa kofi. Aliyefanya hili alikuwa na kila sababu ya kusugua, maana alitaka wizi uonekane wa kishamba. Ila mkono wake ulikataa.

*

Mzee Amos alikuwa amelala kwa mito mitatu, ndevu hazijanyolewa, shati limefungwa vifungo kombo. Verna aliona hilo kwanza, na lilimuuma. Maribel asingemwacha hivyo.

"Nani huyo? Viatu hivyo sivijui."

"Verna Haag, mzee. Polisi. Binti yake Earl Haag wa kiwanda cha maziwa."

"Earl! Alikuwa akininyima maziwa mtindi. Kaa." Macho meupe yaligeuka kuelekea sauti. "Umekuja kuniambia Maribel yuko wapi? Wanasema kapata kazi kwingine. Hakuniaga. Miaka yote ile, mama, hakuniaga."

Dwight, mlangoni, alimtolea Verna macho na kutikisa kichwa. Verna alimpa mgongo.

"Hakuondoka, mzee. Alifukuzwa. Anashukiwa kuiba dola yako ya tisini na tano. Ilipatikana jikoni, imeoshwa."

Uso wa mzee uligeuka rangi, Verna akashika simu tayari kuita gari la wagonjwa. Lakini kilichompanda mzee yule kilikuwa hasira.

"Nani alisema nisiambiwe?"

"Rafiki yako Clyde."

"Mimi ni kipofu! Sijawa maiti!" Alipiga shuka kwa ngumi. "Iko wapi? Lete hapa."

Verna aliiweka kwenye kiganja chake. Vidole vya mzee havikugusa uso wa mwanamke wala mbawa za tai. Viliikamata ukingoni, vikaisimamisha, na ukucha wa gumba ukaanza kutembea juu ya unene wake. Dola za enzi zile zina maneno yaliyochapwa ukingoni, na ukucha ulipita juu ya herufi hizo moja baada ya nyingine, ukaenda mzunguko mzima, ukarudia mzunguko wa pili.

"Si yangu," alisema.

"Una hakika?"

"Mwanangu, nililala na dola ile chini ya mto usiku niliofiwa na mke wangu. Ukingo wa yangu una kosa. Mtambo uliteleza, neno la dola likapigwa mara mbili, herufi zikapandana. Ukipitisha ukucha unakwama. Hii ni laini, neno kwa neno. Nzuri, lakini si yangu."

"Clyde anajua habari ya ukingo?"

Mzee alifikiri. Kisha sauti yake ikashuka. "Clyde hushughulika na nyuso tu. Mimi ukingo nimeujua baada ya macho kwenda. Sikuwahi kumwambia. Niliona haya. Mtu mzima anapapasa sarafu kama mtoto."

*

Jumamosi ile chama kilikuwa na maonyesho yake katika ukumbi wa zimamoto. Magari mekundu yalikuwa yametolewa nje, meza zimepangwa ndani, na akina mama wa kikosi walikuwa wakigawa supu ya kuku na mahindi kwenye bakuli za karatasi. Wazee wenye kofia za nembo za matrekta waliinamia sarafu kimyakimya, kila mmoja na lenzi yake. Kwenye meza ya katikati, mbele ya kitambaa cha mahameli, alikaa Clyde Rauch, amevaa tai na koti lililopigwa pasi.

"Dada Haag! Umekuja kula supu?"

"Nimekuja unisaidie. Nimekwama."

Alivuta kiti, akakaa, akaitoa dola, akaiweka juu ya mahameli. Wazee wa meza za jirani walijongea. Habari za dola iliyouawa zilikuwa zimezagaa mji mzima.

"Mwendesha mashtaka anasema dawa hii nyeupe inaficha kitu," alisema Verna. "Ameniambia niitoe ili mahakama ione mwaka wake vizuri." Alipapasa mfuko wake wa koti, akatoa sifongo ya chuma, ile ya kusugulia masufuria. "Nimepita dukani kuchukua hii."

Clyde alitabasamu nusu. "Unanitania."

"Sikutanii. Si umesema imeshakufa? Maiti haiumizwi."

"Ni... ni ushahidi. Huruhusiwi."

"Ruhusa hiyo niachie mimi." Verna aliiokota dola kwa vidole vitano, kiganja kizima, vibaya kuliko vyote. Mzee mmoja nyuma yake alivuta pumzi. Aliishusha sifongo polepole mpaka nyuzi za chuma zikawa karibu kugusa shavu la mwanamke wa fedha.

Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka Clyde juu ya mdomo. Mikono yake ilikuwa imeinuka yenyewe juu ya meza.

"Usifanye hivyo, dada. Tafadhali."

"Kwa nini? Imeharibika."

"Haijaharibika sana. Ikiachwa miaka thelathini inaweza kurudisha ngozi. Tafadhali, iweke chini."

"Amos mwenyewe hana habari nayo tena," alisema Verna, akabonyeza mkono.

"Acha! Dola yangu hiyo!"

Ukumbi wote uligeuka. Mama mmoja alibaki na upawa wa supu hewani.

Verna aliirudisha dola juu ya mahameli, nzima, haijaguswa, akaweka sifongo pembeni. "Umesema ya nani?"

Clyde alishusha mikono chini ya meza.

"Nikusaidie," alisema Verna. "Hii ni yako. Ulikuwa na ya kwako ya tisini na tano, hafifu kuliko ya Amos. Uliichovya iwe nyeupe, ili isifanane na kitu chochote, ukaipaka dawa ya vijiko, ukaiacha kwenye droo ulipokwenda kujichemshia kahawa. Dola ikionekana imeuawa, nani ataendelea kuitafuta? Na wa kuitambua ulikuwa wewe peke yako. Mwingine haoni. Ulikosea kimoja tu, Clyde. Mjinga angesugua. Wewe ulishindwa."

"Clyde?" mmoja wa wale wazee aliita kwa sauti ndogo. "Mwambie siyo kweli, bwana."

Clyde hakumtazama. Alikuwa akiitazama ile dola nyeupe.

"Amos haioni," alisema hatimaye. "Kila Alhamisi namwelezea. Zambarau hapa, samawati kule, kama shingo ya njiwa. Yeye anatikisa kichwa, anasema, sawa, Clyde, rudisha. Rudisha! Mimi ndiye niliyekuwa nikiiona. Mimi peke yangu. Angekufa, Dwight angeitia kwenye mashine ya kununulia soda."

"Na Maribel?"

"Sikufikiria mbali kiasi hicho."

"Ulifikiria mpaka droo," alisema Verna, na safari hii hakuficha hasira yake. "Iko wapi?"

Mkono wa Clyde ulikwenda kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Ilikuwa ndani ya kifuko cha pamba. Hata pale, polisi wawili wakiwa wameshaingia mlangoni, alinyoosha kwanza mikunjo ya mahameli, akaiweka dola taratibu kwa ncha za vidole viwili, ukingoni. Wazee waliinama. Ilikuwa na rangi zote alizozitaja.

*

Jioni, kwa ajili ya utambuzi rasmi, Verna aliipeleka kwa mwenyewe. Ukucha wa mzee ulitembea ukingoni, herufi kwa herufi, kisha ukakwama.

"Hapo," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Hapo ndipo mtambo ulipoteleza."

Viatu vya raba vililia sakafuni. Mzee aliinua kichwa kabla mtu hajafungua mdomo.

"Hivyo navijua."

"Nani kakufunga shati namna hii?" Maribel alisema kutoka mlangoni, kwa ukali wa kuzuia kilio. "Vifungo vimepishana mpaka kooni. Na ndevu! Siku tisa tu nimeondoka, umekuwa mbuzi."

"Walinidanganya umeniacha."

"Nikuache niende wapi, mzee wangu?"

Alikuja akaanza kufungua vifungo. Mzee alimshika mkono, akakitafuta kiganja chake, akaitia dola humo, akakifunga. Verna aliandika kwenye fomu kwamba mwenye mali ameitambua mali yake, na alipoinua macho alikuta Maribel ameisogeza sarafu kwenye taa ili aione vizuri, na gumba lake limeshapita juu ya uso wa yule mwanamke, mara mbili, ngozi kwa fedha.

"Maribel, usi...!"

Maribel aliganda. "Nimefanya nini?"

"Kaisugua, eh?" aliuliza mzee.

"Samahani! Mungu wangu, samahani, sikujua..."

Mzee Amos alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Maribel akampiga mgongoni kwa mkono wa pili, dola bado iko kiganjani.

"Basi, basi. Sasa kaa hapa unisomee. Anafananaje?"

"Mimi sijui mambo haya, mzee."

"Unaona nini?"

Maribel alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama kwa makini.

"Naona mama," alisema. "Ameamka sasa hivi, hajapata hata nafasi ya kuchana nywele. Ana kidevu cha ukaidi. Na macho yake... huyu amechoka, mzee. Amechoka sana, lakini anakwenda kazini hivyohivyo."

Ukucha wa mzee ulicheza peke yake juu ya shuka.

"Miaka yote ile," alisema, "Clyde hakuniambia kwamba amechoka."